Mtani Ndani ya Kaburi

Mawingu mazito yalikuwa yametanda juu ya Ntalikwa, na mchungaji alikwisha kutazama juu kwa wasiwasi, wakati Hafsa alipojifunga khanga kiunoni na kurukia ndani ya kaburi. Kichwani alivaa kofia ngumu ya marehemu Mzee Lugembe. Akaketi chini, akanyoosha miguu, akatangaza:

"Hazikwi mtu hapa!"

Waombolezaji waliangua kicheko. Mgeni angeshtuka, lakini wenyeji hawakushtuka. Hafsa, muuza dagaa wa Isevya, alikuwa Mzaramo, na tangu enzi za misafara iliyotoka Tabora kwenda pwani, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kumcheka hata maiti, na asiporidhika, maziko husimama.

"Toka, mtani, mvua inakuja," alisihi Yoramu, mdogo wake marehemu.

"Inyeshe! Mtu wa pwani humtishi kwa maji. Hebu niambie, Yoramu, ulisoma nini pale? Eti 'hakuwahi kuiacha familia yake.' Mimi nimekuja kumzika Lugembe. Huyo malaika wako kamzikeni kwingine!"

Kicheko kilirindima tena. Yoramu aliitazama karatasi ya wasifu mkononi mwake, uso umemsawijika. Alikuwa ameutia chumvi ili kumsitiri kaka yake.

Kando ya jeneza, Levina hakucheka. Ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa marehemu, na kwa desturi ndiye wa kutupa udongo kabla ya wengine. Asubuhi alikuwa amemwambia shangazi yake kwamba hatautupa. Wote walijua maana yake: mtoto wa kwanza akikataa, amemkana baba yake mbele ya watu.

Hafsa aliinuka, akashika usukani wa baiskeli isiyoonekana, akaanza kukanyaga pedeli hewani huku akihema kama kiboko.

"Nani kaisahau safari ya nyuki?"

Hakuna aliyeisahau. Lugembe alikuwa amechomelea baiskeli ya magurudumu matatu, akafunga mizinga yenye nyuki hai, akaondoka kuifuata njia ya zamani ya misafara mpaka Bagamoyo. Alitaka kuuza asali iliyotengenezwa safarini, kila kituo na maua yake! Walipofika Itigi nyuki walichoshwa na mtikisiko. Walimvamia mwenye mzinga, wakamfukuza vichakani, kisha wakahama. Lugembe akavimba uso kama andazi, lakini hakurudi nyuma. Aliingia Bagamoyo na mizinga mitupu, akarudi na miche ya minazi aipande Tabora.

"Minazi Tabora!" Hafsa alipiga makofi. "Ukaota mmoja?"

"Hata mmoja!" umati ulijibu kwa shangwe.

"Mnacheka!" Sauti ya Levina ilikata kelele kama shoka. "Alipoondoka, mama alikuwa na mimba pevu. Uchungu ulimshika baba hayupo. Huyu Valentino alizaliwa, akaota meno, ndipo baba akarudi kuuliza anaitwa nani."

 Valentino, kitinda mimba, aliinamisha kichwa. Yoramu alifumba macho.

"Ehee," Hafsa alisema taratibu. "Sasa huyo namjua. Ndiye Lugembe hasa. Makosa yake tumeyasikia, binti. Haki yake iko wapi?"

Levina alitaka kusema kwamba hana. Jibu lilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa mwalimu wa fizikia, na kila siku aliwakemea wanafunzi wanaoficha kipimo kwa sababu tu kinaharibu jibu walilolitaka. Akapiga moyo konde.

"Kuna kitanda," alisema. "Kabla ya kuondoka, baba aliunda kitanda cha magurudumu ya baiskeli, chenye springi, mgonjwa asitikisike. Akawafundisha majirani kukivuta. Aliwaambia, 'Siku ya mama Levina ikifika, msingoje gari.' Siku hiyo barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko. Gari lisingepita. Walimvuta mama juu ya kitanda hicho kwa njia za miguu, anavuja damu, mpaka hospitali. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, tungewapoteza wote wawili."

Valentino aliinua kichwa. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Na mimi kilinibeba!" Suzana, jirani yao, alipaza sauti. "Mapacha wangu hawa hapa!"

"Na mguu wangu ulipovunjika!"

"Na marehemu mama yangu!"

Sauti zilitoka kila upande, zikapandana kama mvumo wa nyuki. Levina alinyoosha mkono, wakatulia.

"Alituacha, na hilo silifuti," alisema. "Lakini kitanda alikiunda yeye, na hilo nalo silifuti."

"Nivuteni!" Hafsa alipiga yowe la furaha, mikono juu. "Mwenye nyumba hii, Lugembe hasa, amefika!"

Vijana walimvuta nje, udongo mpaka magotini. Jeneza likateremshwa upesi, radi ikinguruma upande wa mjini. Yoramu aliichana karatasi yake vipande viwili. Levina akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono yote miwili, akautupa kabla ya mtu yeyote. Valentino akafuata.

Matone ya kwanza yalipoanza kupiga juu ya ubao wa jeneza, hakuna aliyekimbia. Hafsa alivua kofia ya marehemu, akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa nyuma kabisa:

"Tumemnyonga Lugembe wetu, na tumemlipa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni."