Kikohozi cha Gaudensia

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, saa saba na robo mchana. Hiyo ndiyo siku mambo yalipoharibika, na ndipo ilipoanzia habari ya methali hii: Mwizi wa kukaribishwa havunji mlango, na akitoka hutoka na ufunguo.

Wajukuu zangu, Tasiana na Editha, wameisikia juzi kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa akiwasema watu wanaopokea mbegu kutoka kwa kila anayepita na gari. Alipoitamka watu wakacheka. Wasichana wakarudi nyumbani, tukakaa kupukuchua maharage, ndipo Editha akaniuliza:

"Babu, ile methali ni ya Wamatengo au ni ya kwenye vitabu?"

Nikamwambia vitabu sivijui, mimi niliishia darasa la nne. Methali ile ni ya hapa hapa, na aliyeisababisha ni mimi. Tasiana akacheka, akidhani nampiga chenga. Basi nikawaeleza kama ninavyoeleza hapa.

Redio yetu ya jamii ilikuwa kwenye nyumba ya vyumba vitatu, kilimani, mlingoti nyuma yake. Mimi nilikuwa mlinzi wa mchana. Kazi yangu ilikuwa geti, daftari la wageni na kupekua mifuko, ya wanaoingia na ya wanaotoka. Bibi yenu Gaudensia alikuwa na kipindi. Hakusomea utangazaji. Kila Jumamosi asubuhi aliimba nyimbo ambazo akina mama huimba wakichimba ngoro, yale mashimo yetu ya shambani yanayozuia udongo usiende na mvua, kisha akaeleza kila wimbo ulitoka wapi na nani alimwimbia nani.

Alirekodi vipindi thelathini na nane. Saba vya mwisho vina kikohozi, maana kifua kilikuwa kimeshamshika. Alipofariki, redio iliendelea kurusha vipindi vyake, kimoja kila Jumamosi. Nilikaa getini na redio yangu ndogo, nikamsikia mke wangu akisalimia watu. Lakini vile saba meneja alivikataza. Alisema, "Wasikilizaji hawataki kusikia mgonjwa." Yeye hakuwahi hata kuja msibani.

Nitasema ya wakubwa kwanza, kisha nitasema ya kwangu. Mtangazaji aliyebaki, binti aitwaye Xaveria, alimwomba meneja mara mbili kwamba vipindi vya marehemu viwekwe na mahali pengine, siyo kwenye kompyuta ile moja ya studio. Akajibiwa kompyuta bado mpya. Palikuwa pia na sheria: flashi yoyote ipimwe kwanza kwenye kompyuta kuukuu ya mapokezi. Sheria ilibandikwa ukutani. Kompyuta kuukuu yenyewe meneja alishaipeleka kwake, watoto wake wakaichezea gemu. Sisi tukabaki na karatasi. Na neno la siri la kompyuta ya studio nalo lilibandikwa, chini ya kipaza sauti, kwa sababu meneja alikuwa akilisahau.

Siku hiyo meneja alikuwa mjini na Xaveria alikuwa amekwenda kula. Akaja kijana mwenye shati lililopigwa pasi, begi dogo begani, akajiita Deusi. Alinikuta nimefunua bakuli langu la ugali na maharage. Nikamkaribisha, nikammiminia maji ya kunawa, tukala. Sasa, kwetu mtu uliyemnawisha mikono humpekui. Ni kama kumfunua mdomo uone amemeza nini. Daftari nililifunga likiwa halijaandikwa kitu.

"Shughuli yako hasa ni nini?" nikamuuliza.

"Nasafisha sauti, mzee wangu. Napita redio za mikoani. Rekodi ikiwa na mvumo, ina upepo, kuna mbwa anabweka, naondoa."

"Na kikohozi?"

Nilisikia mdomo wangu umeuliza kabla kichwa hakijaamua. Akatabasamu.

"Kikohozi ndicho rahisi kuliko vyote."

Nikamweleza habari za mke wangu, nikachukua ufunguo wa studio, nikafungua. Nasema tena ili msije mkasema babu alilaghaiwa usingizini: ufunguo niliutoa mfukoni mwangu, nikafungua mimi. Akachomeka flashi. Papo hapo dirisha jekundu likatokea kwenye kioo. Ile programu ya kulinda kompyuta, wanayoiita antivairasi, ilikuwa inapiga kelele.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inaogopa tu kitu kipya. Mbwa wa geti humbwekea hata shangazi. Tutaizima kidogo."

Akaizima. Likaja dirisha jingine, lina maandishi machache na vibonye viwili. Deusi akasogeza kiti.

"Inaomba ruhusa iingie. Bonyeza wewe mzee, ni sauti ya mkeo."

Nikabonyeza "Ndiyo" kwa kidole changu hiki.

Na mjue hakunidanganya kuhusu kikohozi. Baada ya dakika chache kipindi cha thelathini na mbili, cha kwanza kati ya vile saba, kilianza kulia, na Gaudensia akaimba mwanzo mpaka mwisho bila kukohoa hata mara moja, kama alivyokuwa wakati tunaoana. Nililia mbele ya mgeni. Akaniachia flashi ile, na nakala ya kipindi ndani yake, akasema ataenda redio nyingine, vile sita vilivyobaki nitavisafisha mimi mwenyewe taratibu kwa programu aliyoiweka. Sikumwona tena.

Ijumaa kompyuta ikawa nzito, inafungua kitu kimoja kwa muda wa kuchemsha chai. Wakaizima, wakaiwasha, ikawa vile vile. Jumatatu asubuhi Xaveria akatoka studio mikono kichwani. Vipindi vya Gaudensia vilikuwa vimebadilika majina, vimekuwa mikwaruzo ya herufi, na ukivifungua havifunguki. Vilikuwa vinaliwa kimoja kimoja. Kumi na tisa tu vilikuwa havijafikiwa.

Fundi akaitwa kutoka Songea, bwana mmoja Gama, Mngoni, mtani wetu. Alipoona hali akaanza.

"Nyie Wamatengo kwa mashimo! Ya shambani hayajawatosha, mmechimba na kwenye kompyuta?"

"Afadhali sisi tunachimba," Xaveria akamjibu. "Nyie babu zenu walikuwa wanakuja wakati wa kuvuna tu."

Tukacheka, hata mimi nilicheka. Gama akatoa vile kumi na tisa akaviweka pembeni, akafuta kompyuta yote, akaipanga upya, akavirudisha. Alipomaliza akatuita tukasimama mstari, akauliza, "Nani alichomeka flashi ya nje?"

Mimi nilitazama viatu vyangu. Meneja akamtazama Xaveria, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akileta nyimbo kwenye flashi. Akasema, "Binti, hili ni onyo."

Flashi ilikuwa kwenye koti langu.

Kama ningeishia kunyamaza tu, ingekuwa aibu ya kawaida, aibu ambayo mtu anazeeka nayo. Lakini kipindi cha thelathini na mbili kilikuwa kimebaki kwenye flashi ile peke yake. Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne Xaveria alipokwenda kula nikafungua studio tena. Nilitaka kumsikia mke wangu dakika tano. Nikachomeka, ile kinga nikaizima kama nilivyoona Deusi akifanya, na lilipokuja lile dirisha la ruhusa sikuhitaji mtu wa kuniambia nibonyeze wapi.

Safari ile kipindi hakikufunguka. Nacho kilikuwa mikwaruzo, kimeliwa humo humo ndani ya flashi. Kufika jioni, vile kumi na tisa vyote vilikuwa vimekwisha.

Gama aliporudi hakutania mtu. Alikaa kwenye kompyuta mpaka adhuhuri, kisha akatuita tena.

"Huyu hakuvunja popote," alisema. "Nimetafuta. Alikuja ndani ya zawadi. Kulikuwa na kitu mlikitaka, akakileta kweli, na chini ya kitu hicho akaingia yeye. Akishaingia, hujiandikisha miongoni mwa vile vinavyoamka kompyuta inapowashwa, anajipa jina la kawaida kama mwenye nyumba. Ndiyo maana mlikuwa mnazima na kuwasha, naye anaamka nayo."

"Si ulimfuta?" meneja akamuuliza kwa ukali.

"Kwenye kompyuta nilimfuta. Lakini hujinakili kwenye kila flashi anayokutana nayo. Alikuwa nje ananisubiri niondoke. Tena neno la siri si mmelibandika hapo? Ameshalisoma. Bwana meneja, mwizi wa kukaribishwa havunji mlango, na akitoka hutoka na ufunguo. Kuna mtu humu ndani amemrudisha."

Hivyo ndivyo ilivyotamkwa mara ya kwanza. Wafanyakazi waliosikia wakaipeleka sokoni, sokoni ikapanda magari, na leo mwenyekiti anaitumia kwa mambo ya mbegu.

Meneja hakuuliza zaidi. Kuuliza kungefika mpaka kwenye kompyuta ya mapokezi iliyokuwa sebuleni kwake. Akamwandikia Xaveria barua ya kumwachisha kazi mchana ule ule.

Xaveria akaja getini na mkoba wake, machozi yanamtoka. Sheria ya geti ni kupekua anayetoka. Meneja alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

"Baba, wewe unanijua," Xaveria akasema. "Unaamini ni mimi?"

"Fungua mkoba, mwanangu," nikasema.

Nikaupekua. Kanga, kitana, daftari alimoandika maneno ya nyimbo za Gaudensia. Nilipoinama, flashi ilinigonga kifuani, ndani ya koti. Yule mgeni niliyemnawisha mikono sikumgusa begi, na binti niliyemwita mwanangu miaka minne nikampekua hadi kwenye pindo la kanga.

Nilikaa na jambo hilo miezi miwili. Kisha nikaenda kwa meneja, nikaweka flashi mezani, nikasema yote. Alifunga mlango wa ofisi, akanirudishia flashi mkononi. "Mzee Hyera," akasema, "jambo limekwisha. Ukilifufua utatuumiza sote." Mwaka uliofuata alipandishwa cheo, yuko makao makuu huko, anafundisha wengine uongozi. Nawalaumu wakubwa hao, na nitawalaumu mpaka nife. Lakini kidole kilikuwa changu, na meneja hakunishika mkono nilipoifungua kanga ya yule binti.

Nilipoacha kazi nikaenda kwao Xaveria, kijiji cha tatu kutoka hapa. Nilimkuta anaanua kahawa. Nikamweleza nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Aliingia ndani, akatoka na simu yake, akaiweka juu ya ukingo wa kichanja, akabonyeza.

Akatoka Gaudensia.

Kilikuwa kipindi cha thelathini na sita. Xaveria alikinasa kwa simu siku kiliporekodiwa studioni, ili ajifunze wimbo. Mke wangu aliimba mstari mmoja, akakohoa, akasema, "Mniwie radhi wanangu, kifua hiki," akaendelea. Akakohoa tena. Kile kikohozi nilichokuwa nimeona aibu kwa ajili yake, nilichomfungulia mwizi mlango ili kiondolewe, ndicho kilichonionyesha kwamba ni yeye. Katika vyote thelathini na nane, duniani kimebaki hicho.

Nilitaka kumwomba anipe nakala. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Xaveria akaichukua simu, akaizima, akaniuliza jambo. Nikachukua fimbo yangu nikaondoka. Na kwa kuwa sijajibu, sijarudi kuomba.

Tasiana na Editha waliacha kupukuchua. Wanaitazama flashi, iko pale kwenye msumari juu ya mlango, haina tena sauti ndani yake. Sasa mnaielewa, wajukuu zangu: mwizi wa kukaribishwa havunji mlango, na akitoka hutoka na ufunguo.

"Alikuuliza nini, babu?" Editha akasema.

Aliniuliza hivi: "Baba, ulikuwa ukiniita mwanangu. Ningekuwa mwanao kweli, ungenipekua?"