Mapera ya Mashavu

Sogeeni, lakini mezeni kwanza mnachotafuna.

Kwao Mashavu, mwanamke mmoja mchoyo, pera hupasuliwa kabla ya kuliwa: unatazama kama lina funza, kisha nusu unampa aliye karibu. Siku moja chini ya mpera wake alikuta zimwi kongwe limekaa, kamasi zikilichuruzika hadi kidevuni.

“Mwanangu, pasua tugawane.”

Mashavu akakunja uso kwa kinyaa, akalibugia pera zima.

“Pasua tugawane.”

Akabugia la pili.

“Pasua tugawane!”

La tatu likateleza kooni, laini, likitekenya. Zimwi likacheka, likatoweka.

Jioni tumbo likamchafuka. Alipofungua kinywa atapike, funza wakachungulia juu ya ulimi, weupe, wanene, wakamwambia kwa adabu:

“Mama, sasa tukupasue, tugawane.”