Maji ya Jumatano

Mtu mmoja alikuwa na shamba la maharage mwishoni mwa mfereji, kule milimani Upare, ambako maji hugawanywa kwa zamu. Jina lake Yonazi. Zamu yake ilikuwa Jumatano, tangu jua linapochomoza hadi saa sita mchana. Siku hiyo wenye mashamba ya juu huziba malango yao kwa mawe na gogo la mgomba, na mzee wa mfereji hupita kukagua.

Juu yake alilima Mrindoko. Naye alikuwa na zamu yake, Jumatatu, ila haikumtosha, au alijiambia haimtoshi. Lango lake hakuligusa, maana mzee angeona mawe yamesogezwa. Alishuka hadi vichakani, akatoboa ukingo wa mfereji kwa sururu, na kabla ya saa sita akalifukia tundu kwa udongo na majani. Wiki tatu mfululizo Yonazi alisimama langoni kwake akitazama tope likikauka. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Wiki ya nne bila maji na shamba limekwisha, na wanawe watano wangekula nini hadi vuli?

Alishtaki kwa wazee, Mrindoko akakana. Alimtishia, Mrindoko akahamisha tundu. Wakashikana mashati mbele ya wake zao, Yonazi akapoteza jino, na maji yakaendelea kupotea.

Jumapili mwinjilisti akahubiri kwamba mtu akitwaa kanzu yako, mwachie na joho pia. Yonazi alicheka kanisani, tena kwa sauti, mpaka mkewe akamfinya. Kwa maoni yake, aliyesema maneno hayo hakuwahi kulima maharage chini ya Mrindoko. Na mwinjilisti mwenyewe je? Hakuwa na hata tuta moja; alikula mikononi mwa waumini, kwa hiyo angeweza kugawa majoho ya wenzake hadi kesho. Mafundisho haya yanawafaa malaika, aliwaza Yonazi, maana malaika hawali.

Hasira ilipomzidi, akakata shauri. Angelitenda neno hilo kama lilivyo, bila kulipunguza, mchana kweupe, mbele ya shahidi. Maharage yakinyauka, mwinjilisti asifumbue tena kinywa. Hapakuwa na upendo hapo, na tusimsingizie. Alitaka kumkomoa mhubiri, basi.

Jumatano akamwita mzee wa mfereji, wakapanda hadi lango la Mrindoko. Yonazi akaondoa mawe na gogo kwa mikono yake mwenyewe, maji yakaingia shambani kwa adui yake. Mrindoko akatoka mbio na panga, akidhani ni vita.

"Baba Nakijwa, leo usitoboe," Yonazi akamwambia Mrindoko, akimwita kwa jina la mwanawe. "Maji ni yangu, nami nakupa, nywesha mpaka utosheke."

Akateremka zake. Mrindoko akabaki na panga mkononi, akitafuta mtego uko wapi. Maji yalipita kwenye lango la haki, yakafuata tuta baada ya tuta, bila haraka wala kujificha. Saa nne haijagonga, shamba lote limelowa chepechepe. Maharage yakizidishiwa maji huoza mizizi, na Mrindoko alilijua hilo vizuri. Akainama, akaziba lango mwenyewe.

Kumbe yale maji ya wizi hayakuwa yakimfaa hata mwizi. Vichakani pale ni mteremko mkali. Likifika shambani kwake pipa moja, mapipa kumi yameanguka korongoni, mahali pasipoota kitu. Kila alipoiba alibaki na ukame, na kwa sababu ya ukame akaiba tena. Wala hakuweza kutengeneza njia nzuri ya maji, maana mwizi hajengi.

Chini huko Yonazi alikuwa amekalia mpini wa jembe, akisubiri kushinda ubishi wake kwa kupoteza shamba. Akasikia mfereji ukiguruma. Maji yalikuja na majani na povu, mengi kuliko aliyoyaona mwaka mzima, yakamkuta bado ana saa mbili za zamu yake. Alimwita mkewe kwa kelele, akakimbia peku matutani, akafungua huku, akaziba kule, akacheka na kulia kwa pamoja. Tuta la mwisho lilipolowa, mwanamume yule mzima alipiga vigelegele, na mkewe akampokea. Ubishi alikuwa ameshindwa, na sijapata kusikia habari za mtu aliyefurahia kushindwa kama yeye.

Jumatano iliyofuata Mrindoko alikuja na jembe. Hakuomba msamaha, wala msiniambie kwamba aliokoka. Alishindilia ukingo uliotoboka kwa udongo wa mfinyanzi na mawe, akaujaribu kwa kisigino, akaenda zake. Msimu ule mashamba yote mawili yalizaa, na maharage ya Yonazi yalikuwa mengi hata ikambidi aazime magunia kwa Mrindoko.

Yonazi hakuliamini neno lile hata kidogo, lakini alilitenda, nalo likambeba. Sisi tunaoliamini kila Jumapili na kuliacha pale pale kwenye benchi, maji yetu yanaangukia korongo gani?