Kwa Nini Fundichuma Hamalizi Kujenga

Weka simu chini, Kalunde, na wadogo zako wasogee. Tangu shamba lilimwe unatafuta humo ndani ya simu programu ya kukupangia siku. Jana ilikuwa ile yenye kengele, leo umeifuta, unataka yenye rangi. Maharage ya mbegu bado yako kwenye debe. Nimechoka kusema, kwa hiyo nitasimulia.

Hapo kale, mito ilipokuwa ingali inatafuta pa kupita, fundichuma hakuwa na lile jumba mnaloliona kwenye mti ulioinamia maji. Namsema yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kisogoni. Alijenga kiota kidogo kama ndege wengine, tena kwa kuchelewa. Kila msimu mvua ilimkuta bado anaokota vijiti. Mwaka mmoja mkewe akamwambia, "Mume wangu, mayai yako karibu. Safari hii tuwahi."

Fundichuma akakubali kabisa. Alisema yeye si mvivu, ila hana chombo cha kupimia siku. Akikipata, kazi itakwenda yenyewe. Akachonga kijiti, akakisimika mchangani, akawa anafuata kivuli chake. Kilikuwa kijiti kizuri, sikatai. Lakini mawingu yalipotanda kivuli kikapotea, naye badala ya kwenda kazini akashinda akikilaumu kijiti.

Akaenda kwa jirani yake mnana, ambaye kiota chake kilikuwa tayari, akamwuliza anatumia chombo gani. Mnana akasema, "Naamka, nasuka. Jua likiwa kali napumzika." Fundichuma akaondoka amenuna, akidhani amefichwa siri. Akajitengenezea kamba ya mafundo, kila fundo kazi yake, na mafundo yakawa mengi hata kuyafunga tu kukammalizia asubuhi nzima. Halafu akasikia kobe ana kibuyu chenye tundu, maji yakiisha kutona ujue muda umekwisha. Akakifuata huko huko kwa kobe, na mnajua mambo ya kwa kobe yanavyokwenda. Aliporudi nacho akakaa kukitazama kinavyotona.

"Kamba imejaa mafundo, na nyumba haina hata kijiti," mkewe akamwambia. "Nitataga wapi?"

"Kesho tunaanza. Leo bado najifunza kibuyu."

Jamani, yai halisubiri mtu ajifunze kibuyu. Mke akakwangua shimo ukingoni mwa mto peke yake, akataga humo. Mvua ikanyesha huko milimani, mto ukajaa mchana kweupe, ukayazoa mayai yote wao wakitazama. Fundichuma alikuwa amekikumbatia kibuyu chake.

"Nilikuwa nimeshapanga," akasema.

Mkewe alilia mpaka maji yakapungua. Kisha akakichukua kile kijiti cha kivuli, akaruka nacho hadi kwenye panda ya mti, akakilaza. Akarudi akachukua kamba, akaizungushia hapo. Akarudi tena, akamnyang'anya mumewe kibuyu, akakishindilia katikati. Ndipo fundichuma, kwa aibu na uchungu, akaenda kutafuta matawi bila kupima kivuli cha kitu chochote.

Na tangu siku hiyo fundichuma hujenga asubuhi, hujenga jioni, mayai yawepo yasiwepo. Hata nyumba ikiisha huongeza kijiti kingine, maana hauamini tena mto. Ukichungulia kwenye kuta zake utakuta vipande vya kamba na vigae vya vibuyu, na siku hizi hata kandambili. Watu husema anaokota takataka. Mimi nasema ni vyombo vyake vile vile, vimepata kazi.

Sasa Kalunde, mawingu yale unayaona. Jembe liko nyuma ya mlango, palepale lilipokuwa juzi. Hiyo simu niachie hapa, nitafunikia kibuyu cha maziwa.