Hodi ya Tatu

Mtu mmoja, Mbaruku, alikuwa na nyumba ambayo mlango wake haukuwa na komeo. Ukipiga hodi pale, neno "karibu" lilishamtoka kabla hajajua wewe ni nani. Wenye shida waliingia, wenye umbea waliingia, na waliofuata harufu ya pilau, ambao hawakuwa wachache, waliingia wakatandikiwa mkeka. Alijivunia jambo hilo kuliko shamba lake. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa amechoka siku nyingi, ila alinyamaza.

Kisha figo za Mbaruku zikashindwa kazi. Miguu ikavimba, chakula kikakosa ladha. Hospitali wakamweleza kwamba kazi ya figo ni kutoa taka mwilini, na zake zimeacha kuzitoa. Akapewa njia mbili. Ahamie mjini, aishi jirani na mashine ya kusafisha damu, na kwake awe anakuja kutembea tu. Ama awekwe mpira mwembamba tumboni, afundishwe kutoa maji machafu na kuingiza safi kwa mikono yake mwenyewe, kila siku, nyumbani. Mbaruku akachagua nyumbani papo hapo.

Mpira ukawekwa, kidonda kikapona, akafundishwa. Chumba cha mbele kikapakwa rangi, na msumari ukapigiliwa ukutani wa kutundikia mfuko wa maji. Sharti halikuwa na mjadala: mpira ukiwa wazi, mlango na dirisha vifungwe, mikono iliyooshwa isiguse mtu. Uchafu ukipenya hapo, tumbo hufanya usaha, na mtu hufa. Nesi Eustella akaja kumtazama akifanya peke yake. Akiridhika, Mbaruku atabaki kwake.

Mbaruku akanawa, akafunika pua na mdomo kwa kitambaa, akafungua mpira. Nje jirani akapiga hodi. "Karibu!" akaitikia Mbaruku, na kitambaa hakikumzuia. Jirani akaingia na vumbi la njiani, kuku mmoja akimfuata, akanyoosha mkono. Na Mbaruku, ambaye hakuwahi kumnyima mtu mkono, akampa. Eustella akaubana mpira haraka, akampeleka hospitali akadungwe sindano. Akamwambia atamtazama mara moja tena tu. Akishindwa, ni mashine ya mjini.

Mbaruku akarudi kwake amenuna. Alisema ni afadhali ahame kuliko watu wapite wakisema maradhi yamemtia maringo. Hapo Mwanaidi akasema lile alilokuwa amelinyamazia. "Baba Saumu, umewafungulia watu wote. Mimi nakuomba unifungie, nisije nikakaa eda."

Siku ya pili ya kutazamwa ikafika. Mwanaidi alikuwa kisimani. Mbaruku alikuwa ameshafungua mpira, na Eustella amekaa pembeni anatazama mikono tu, hodi iliposikika. Mbaruku aliijua sauti. Ilikuwa ya kaka yake, Mwinjuma, ambaye hakukanyaga pale tangu walipogombana kwenye mazishi ya mama yao. Hodi hiyo Mbaruku alikuwa akiiomba kwa Mungu.

Hakuitikia. Katika nyumba ile sauti yoyote ya ndani ilimaanisha ingia, na Mwinjuma angesukuma mlango. Ikaja hodi ya pili. Moyo ulimuuma Mbaruku, machozi yakalowesha kitambaa usoni, lakini mikono yake ikaendelea na kazi. Ikaja ya tatu. Mgeni asipojibiwa hodi ya tatu huondoka, ndiyo adabu, na Mwinjuma alikuwa mtu wa adabu. Nyayo zake zikasikika zikienda.

Maji machafu yakatoka taratibu, safi yakaingia taratibu, hayajali haraka ya mtu. Yalipokwisha, Mbaruku akaufunga mpira kama alivyofundishwa, akaangalia tena kama umefungika, na Eustella akasema ameridhika. Kisha akafungua mlango, akatoka kwa mbio za mgonjwa, kanzu kaishika mkononi, akipita mbele ya majirani waliomshangaa. Alimkuta Mwinjuma kituoni anangoja gari. Alipokuwa bado mbali alianza kuita, "Karibu! Kaka, karibu!" na Mwinjuma akageuka.

Basi wewe unayeitikia kila hodi, siku utakapokuwa umekufa kwa adabu yako, ndugu yako atakaribishwa na nani?