Buluu Ndani ya Plasta

Mama Plasta aliizungusha tepu mara ya tatu, akaivuta ikabana, akasoma namba kwa sauti ya chini. Nusu sentimita ilikuwa imepotea. Jana alasiri aliliacha umbo hili rafuni likauke, likiwa na kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye kadi yake. Leo asubuhi limekonda. Plasta haikondi kama mtu mwenye mawazo. Kuna mkono uliopita hapa, na mkono huo ulishika tupa.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Ukimwondoa msimamizi, karakana ile ya miguu ya bandia ilikuwa na watu watatu tu: yeye, aliyetengeneza maumbo ya plasta yanayofanana na vigutu vya wateja, fundi wa ngozi, aliyeshona mikanda, na mvalishaji, aliyewavisha watu miguu yao na kuwafundisha kutembea upya. Umbo likiwa tayari, plastiki ya moto huvikwa juu yake, na hapo hupatikana kikombe ambacho kigutu hukaa ndani yake. Kikombe kikibana, ngozi huchubuka. Kikilegea, mguu huchezacheza na mwenyewe huanguka. Katika kazi hii nusu sentimita si kitu cha kupuuzwa.

Mguu huu ulikuwa wa mwalimu mmoja wa kike. Ulikuwa umerudishwa mara mbili, na mara zote mbili kwa kosa moja: umelegea. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu. Msimamizi, mtu asiye na maneno mengi, alimwita Mama Plasta ofisini akamwambia, "Mguu huu ukirudi mara ya tatu, mama, utanisamehe. Nitakupeleka stoo ukahesabu misumari." Miaka kumi na minne mikono yake ilikuwa imelisha watoto kwa plasta. Stoo kwake ilikuwa kaburi lenye rafu.

Basi akafanya kile alichokuwa akikifanya kila mara tangu jambo hili lianze. Hakuuliza. Alikoroga plasta kidogo, akajazia palipoliwa, akafunga mdomo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alijisemea, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa fundi wa ngozi.

Huyu walimwita Redio, kwa kuwa alianza kusema akifungua mlango asubuhi na kunyamaza akiufunga jioni. Alijua nani kaoa, nani kaachwa, na nani kahama bila kuaga. Habari ambazo hazikusikika kwake ni za kazi tu. Siku za karibuni alikuwa akiisogelea rafu ya maumbo, akiyashika na kuyageuzageuza. Tena aliwahi kusema kwamba sindano inamchosha macho, angependa kujifunza plasta. Mama Plasta alilimeza neno hilo, na tangu siku hiyo halikushuka tumboni. Lakini Mama Plasta hakumshuku hata kidogo Bwana Hatua, yule mvalishaji. Alikuwa mpole kama maji ya mtungini; husalimia, akapita.

Alasiri ile, wenzake walipotoka kunywa chai, Mama Plasta alitoa mkobani pakiti ya buluu ya kufulia. Aliichanganya na plasta mbichi, akapaka tabaka moja kuzunguka umbo lote. Juu yake akapaka plasta nyeupe, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa nje umbo lilikuwa jeupe pe. Atakayelikwangua atajitia rangi kwa mkono wake mwenyewe, na buluu ikishaingia kwenye kucha haitoki kwa sabuni ya siku moja.

Kesho yake, Alhamisi, alikuta vumbi la buluu sakafuni. Redio alikuwa mezani kwake, akitia uzi sindanoni huku akiimba puani.

"Redio, nionyeshe viganja."

"Viganja? Leo unapiga ramli?"

"Nionyeshe, nimesema."

Redio alinyoosha mikono yote miwili. "Haya. Ukiona safari humo niambie, nimuage mke wangu. Ukiona mke wa pili, nyamaza."

Viganja vilikuwa na gundi na makovu ya sindano. Buluu haikuwapo.

"Umenawa," alisema Mama Plasta.

"Kunawa kumekuwa kosa tangu lini?"

"Unalikwangua umbo langu kila siku. Unaitaka meza yangu. Sema basi! Wewe si hodari wa kusema?"

Utani ulimtoka Redio usoni. "Dada, mimi nasema mengi, ni kweli. Lakini sijawahi kutia chuma kwenye kazi ya mtu. Hayo maumbo nayashika nijue mkanda utapita wapi. Ningekuuliza, lakini wewe ukiulizwa jambo, unamtazama mtu kama mdeni sugu."

Kabla Mama Plasta hajajibu, mlango wa nyuma ulifunguliwa. Bwana Hatua aliingia akitabasamu, mikono yake ikiwa buluu hadi kwenye vifundo.

"Habari za asubuhi. Mama Plasta, Mungu akuzidishie. Safari hii umenisaidia kweli."

Mama Plasta alimgeukia. "Nimekusaidia nini?"

"Si hii rangi? Nimeanza kukwangua kama kawaida, mara buluu hiyo. Nikasema, kumbe mwenzangu leo kanisemesha! Kanionyesha pa kuondoa. Nikaondoa mpaka ikaisha."

"Kama kawaida?"

"Kigutu cha mwalimu kinapungua, mama. Kila akija nampima, na kila nikimpima kimepungua. Kadi yako ni ya miezi mitatu iliyopita. Basi napunguza, lakini mguu unarudi umelegea. Napunguza zaidi, unarudi vile vile. Nimeanza kudhani tepu yangu imerogwa."

Redio aliweka sindano chini polepole. Alimtazama Mama Plasta tu.

Wakati huo huo msimamizi alitokea mlangoni. "Mwalimu anakuja kesho saa nane. Umbo liko tayari?"

Mama Plasta aliitazama mikono ya Bwana Hatua. Ushahidi ulikuwa pale, umepakwa rangi. Neno moja tu lingetosha, na stoo ingepata mtu mwingine.

"Haliko tayari. Yeye alikuwa akipunguza, na mimi nilikuwa nikijazia. Kila alichoondoa nilikirudisha. Nilidhani ninaharibiwa kazi."

"Lahaula!" Redio akapiga paja. "Mmoja anachota, mwingine anajaza, na mwalimu wa watu anaanguka katikati!"

Msimamizi hakucheka. Alimgeukia Bwana Hatua. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwambia mara moja, mwaka juzi, kwa mguu wa mteja mwingine. Alinijibu, 'Kila ndege huruka na ubawa wake.' Nami nikaona niruke na wangu."

Mama Plasta alilikumbuka jibu lile. Siku ile alilitoa kwa kiburi, akafurahi lilivyomnyamazisha mtu. Sasa liliuma kama pilipili kwenye kidonda. "Nisamehe," alisema. "Na wewe Redio, nisamehe. Nimekutukana bure."

"Nimesamehe. Ila leo utaniambia mkanda upite wapi."

Msimamizi akasema, "Habari ya stoo tutaizungumza mwalimu akishatembea," akaenda zake.

Walilishusha umbo mezani, wakaliinamia wote watatu. Bwana Hatua alisoma vipimo vyake vya juzi, na Mama Plasta akazungusha tepu. Ikaonekana kwamba Bwana Hatua alipoifuata ile buluu alikuwa amekwangua kupita kiasi, maana rangi ilipakwa kwa hasira, haikupakwa kwa kipimo. Ilibidi wajazie upya. Safari hii Mama Plasta alitaja namba, Bwana Hatua akaonyesha mahali kwa kidole, na Redio akauliza maswali mpaka wakamwomba apumue. Kadi ya zamani ilichanwa. Mpya iliandikwa kwa mikono ya wote wawili, pamoja na tarehe.

Jioni ilipofika plasta ilikuwa bado mbichi, na plasta mbichi haikubali tupa. Wakaliacha umbo rafuni likauke. Kulisawazisha, kulivika plastiki na kumvisha mwalimu kungekuwa kazi ya kesho. Hakuna aliyejua kama kikombe kingekaa. Mama Plasta alinawa mikono akiwaza jinsi alivyopigana na kisiki miezi mitatu mizima akidhani ni mtu, tena mchana kweupe, katika chumba chenye madirisha sita. Hakika, usilolijua ni usiku wa giza.