Dawa ya Fisi Yenye Masharti

Hodi, hodi, ngano iko mlangoni.

— Karibu, ipite ndani.

Ina miguu ya tope.

— Ifute, ipite ndani.

Haya, sogeeni. Wewe uliyekuwa unamkimbiza jogoo, kanawe kwanza, nimekuona. Tutakungoja.

Alikuwepo Fisi, na Fisi alikuwa na banda la kuku. Msiniulize alipata wapi kuku wasiomkimbia. Alikuwa nao. Banda kubwa, kuku wengi, uchafu mwingi zaidi. Maranda ya chini hayakuwa yamebadilishwa tangu banda lijengwe. Ukikanyaga, chwapu. Ukivuta pumzi, machozi yanakutoka.

Kufagia Fisi hakutaka. Yeye alikuwa na kopo la dawa ya unga, unga wa njano, ile dawa ya kuku wagonjwa. Kila asubuhi alitia kijiko kwenye maji yao ya kunywa, koroga, koroga, koroga. Kuku mgonjwa anapewa. Kuku mzima anapewa. Kifaranga aliyeanguliwa jana naye anapewa. Fisi alijisifu kwamba yeye anafagia kwa kijiko, akacheka hii-hii-hii. Alitaka kuku wanenepe upesi, na kila akiwaza walivyonenepa, mate yalimdondoka.

Kazi ya kuwamiminia kuku maji ilikuwa ya Mama Pimbi. Pimbi mnamjua, kanyama kadogo ka kwenye mawe, kanene, kasiko na mkia. Aliishi na wanawe wawili kwenye miamba chini ya banda, penye chemchemi. Mvua ikinyesha, maji machafu ya bandani yaliteremka, chururu, chururu, mpaka kwenye chemchemi hiyo.

Sasa, ndani ya uchafu ule waliishi vidudu, wadogo hata ukikodoa macho huwaoni. Dawa ilipokuja mara ya kwanza, walikufa wengi. Waliobaki ni wale wabishi. Wabishi wakazaa wabishi wenzao. Kila asubuhi waliionja dawa, na kila asubuhi iliwatisha kidogo kuliko jana, mpaka ikawa haiwatishi kabisa. Mwishowe wakaitungia wimbo:

*Njano, njano, twakujua,*
*asubuhi twakunywa,*
*jioni twakutema.*

Basi siku moja Kokoto, mtoto mkubwa wa Mama Pimbi, akanywa maji ya chemchemi, akaanza kuhara. Akahara mpaka macho yakazama. Akaitwa Daktari Korongo, yule mwenye miguu mirefu na sanduku jekundu. Korongo akampa mtoto dawa ileile ya njano. Kule tumboni vidudu wakaimba:

*Njano, njano, twakujua,*
*asubuhi twakunywa,*
*jioni twakutema.*

Mtoto akazidiwa. Korongo akasimama kwa mguu mmoja, kama afanyavyo akiwa na wasiwasi, akauliza maji haya yanatoka wapi. Mama Pimbi akanyoosha mkono kuelekea banda la Fisi. Korongo akalifungua sanduku. Akainama, akapekua, akatoa kichupa kutoka chini kabisa ya sanduku.

"Hii vidudu hawajawahi kuionja," alisema. "Lakini ndiyo ya mwisho, Mama Kokoto. Baada ya hii, sandukuni imebaki ile ya njano tu."

Kokoto akapona. Mama Pimbi akalia kwa furaha, ila furaha yenyewe ilikuwa na woga ndani yake. Alikuwa na mtoto wa pili, Changarawe, na Changarawe alikunywa maji ya chemchemi ileile. Akiugua huyu, atapewa nini?

Akaenda kwa Fisi, akamweleza kwa adabu zote. Kwamba dawa ni ya mgonjwa. Kwamba vidudu wameshaizoea. Kwamba banda likiwa safi, kuku hawatahitaji kunyweshwa dawa kila kukicha. Fisi alikuwa anachokoa meno.

"Pimbi," akasema, "ukigusa kopo langu, nitakutafuna wewe na wanao kabla sijanywa chai."

Mama Pimbi akashuka zake mpaka miambani, akakaa, akafikiri. Ukweli Fisi ameukataa. Basi apewe anachokipenda. Na Fisi, kama wengine humu ndani ambao sitawataja, alipenda dawa yenye masharti. Mwambie kunywa upone, haamini. Mwambie kunywa ukiwa umegeukia mashariki na usiongee na shemeji yako, hapo ndipo anaona kweli hii ni dawa.

Asubuhi Mama Pimbi akapita mbele ya Fisi, amebeba kopo lingine lililofungwa kwa kitambaa, anatembea upande upande kama mwizi. Ndani ya kopo mlikuwa na manjano. Manjano haya haya ya jikoni, ya kutia kwenye mchuzi na pilau.

"Unaficha nini?" Fisi akauliza.

"Si kitu, Bwana Mkubwa. Ni dawa ya kuku. Lakini haikufai, masharti yake yamewashinda wengi."

Fisi akalinyakua kopo, nyaku. "Yataje."

Mama Pimbi akajifanya hataki, akabembelezwa, akayataja. Mwenye kuku afagie banda kwa mkono wake mwenyewe, asimtume mtu. Maranda machafu ayafukie upande wa pili wa kilima, mbali na maji. Asiingie mtu bandani bila kukanyaga chokaa. Asiguse kuku, wala asitoke kwa kuku, bila kunawa kwa sabuni. Na sharti kubwa kuliko yote, dawa hii ina wivu. Ikinusa dawa nyingine ya njano imetiwa kwenye maji ya kuku wazima, mkia wa mwenye kuku unanyonyoka wote.

Fisi akaushika mkia wake. Aliupenda sana. Siku hiyohiyo akampelekea Daktari Korongo lile kopo la zamani, akamwomba alifungie mbali.

Na kazi ikaanza. Fisi akafagia, cha, cha, cha. Akakanyaga chokaa, tifu, tifu. Akanawa, chwa, chwa, chwa. Kesho yake akafagia, cha, cha, cha. Akakanyaga chokaa, tifu, tifu. Akanawa, chwa, chwa, chwa. Jasho likamtiririka, mgongo ukamuuma, na kadiri ulivyomuuma ndivyo alivyoiamini dawa. Mama Pimbi alikaa kivulini, anamimina maji.

Ila pua ya fisi ni pua ya fisi. Siku moja akainusa ile dawa kwa muda mrefu, akamtazama Mama Pimbi kwa jicho baya.

"Mbona dawa yako inanukia pilau?"

Akili zote zilimkimbia Mama Pimbi. Mdomo tu ndio ulibaki na akili.

"Bwana Mkubwa," akasema, "kwani hawa kuku wanakwenda wapi?"

Fisi akawaza sufuria ya pilau. Kisha akacheka, hii-hii-hii, akaona kweli hiyo ni dawa inayojua safari ya kuku. Akarudi kwenye ufagio.

Mvua zikaja, zikaenda. Kuku walikuwa wazima, na bandani mtu aliweza kuvuta pumzi. Ndipo Changarawe, kwa vile mtoto ni mtoto, akanywa maji ya dimbwi. Akahara. Akahara mpaka macho yakazama.

Korongo akaja mbio, akafungua sanduku. Kile kichupa cha mwisho hakikuwepo, kilikwisha kwa Kokoto. Ilikuwepo dawa ya njano peke yake. Mama Pimbi akamshika mwanawe mikononi, hawezi hata kutazama. Korongo akampa mtoto dawa, akamweleza mama aendelee kumpa mpaka dozi iishe hata akimwona anacheza, kisha akasimama kwa mguu mmoja.

Kule tumboni vidudu walikaa kimya. Wale wabishi walikuwa wamefagiliwa, wamefukiwa ng'ambo ya kilima pamoja na wimbo wao. Hawa walikuwa wengine. Mmoja akauliza huyu wa njano ni nani. Hakuna aliyewahi kumjibu, walikuwa wameshakufa.

Jua lilipopanda, Changarawe akafumbua macho. "Mama," akasema, "hakuna cha kula?"

Mama Pimbi akacheka na kulia kwa pamoja, kifua kikamshuka kama mtu aliyetua gunia. Korongo akateremsha mguu wake wa pili.

Na Fisi? Fisi yupo, anawahubiria majirani kwamba hakuna dawa kama manjano, mradi utimize masharti. Majirani nao wanafagia.

Funzo la ngano hii, mlishike vizuri: msiwadanganye wakubwa wenu. Mama Pimbi alidanganya, na tazameni yaliyompata. Watoto wawili wazima, chemchemi safi, na tajiri wake mpaka leo anashika ufagio. Mkitaka yawapate kama hayo, shauri yenu.

Ngano imefuta miguu, inaondoka.

— Ipite salama, mlango tumefunga.